Bati la Baba na Amina Yangu

Vijana wa ofisini, siku ile mliyoniaga kwa soda na keki iliyokwisha kabla sijafika mezani, mliniomba niwaandikie kurasa mbili za mambo niliyojifunza kazini. Kurasa mbili! Mnamwomba mtu ambaye kwa miaka amesoma matangazo ya usharika kila Jumapili, na watu wakaanza kuondoka kabla hajafika kwenye mnada wa kabichi za mavuno. Nitajitahidi. Mkiona zimezidi, mzilaumu soda zenu.

Namshukuru Mungu aliyenipandisha juu ya mapaa ya watu kwa miaka mingi, na kila mara akanishusha nikiwa mzima. Kazi yangu mnaijua. Mtu akitaka kuikatia nyumba yake bima, mimi nilitumwa kuitazama kabla kampuni haijakubali, nirudi na fomu inayosema nyumba ikoje. Na katika nyumba, nilitazama paa kwanza. Ukuta ukitaka kuanguka hukupa taarifa, leo ufa, mwakani ufa mkubwa zaidi. Paa likitaka kuondoka haliagi.

Siku yangu ya kwanza nilikuja Lushoto mjini nimevaa viatu vilivyong'arishwa mpaka nikajiona humo. Mzee Yoeli, mkaguzi niliyekabidhiwa kwake, alivitazama muda mrefu.

"Hivyo viatu vinakwenda harusini?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee. Ni vya kazi."

"Haya. Tutaona kazi itasemaje."

Akanipeleka kwenye nyumba moja karibu na Soni, akaegemeza ngazi, akaniambia nipande. Nikapanda kwa mbwembwe. Hakuniambia pa kukanyaga, nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na cheti. Hatua ya tatu bati likaitika "krak", na mguu wangu mmoja ukaingia jikoni kwa watu ukiwa na kiatu chake kinachong'aa. Nikasikia sauti ya mama kutoka chini.

"Yoeli! Huyu naye ni wa kwako?"

"Ni wangu, mama. Anakagua."

"Mwambie nimeona amekagua. Sasa autoe mguu, nina maharage hapa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza somo la kwanza, nami nawapa ninyi bila kuwavunja miguu: kanyaga kwenye mstari wa misumari. Palipo na msumari, chini yake pana ubao. Pasipo na msumari pana jikoni.

Mzee Yoeli alikuwa Mkatoliki na mimi Mlutheri. Tulibishana kuhusu mambo mengi ya mbinguni, lakini chini ya mbingu, juu ya mabati, tulikuwa kanisa moja. Vifaa vyake vilitosha kwenye mfuko wa koti. Alikuwa na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, ambayo alichomea kutu: ikigoma, kutu ni ya juu tu, ikipenya, bati limekwisha, limebaki rangi. Alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, cha kuchungulia chini ya ukingo wa paa ambako shingo haifiki. Na kifaa cha tatu kilikuwa mlango wa mwenye nyumba.

"Ingia ndani saa sita mchana," alinifundisha. "Funga milango, funga madirisha, tulia mpaka macho yazoee giza. Kisha tazama juu. Nyota utakazoziona, ziandike."

Nimeziona nyota nyingi mchana kweupe. Nyumba moja kule Mnazi, bondeni kwenye joto, ilikuwa na anga lote. Mwenyewe akasimama kando yangu, naye akitazama juu kwa mara ya kwanza, akanong'ona, "Lakini ni nzuri, eh?" Nikamjibu ni nzuri sana, na nikaziandika.

Kifaa cha nne nilikigundua mwenyewe, na najivunia kidogo, Mungu anisamehe. Ni sakafu. Mahali ambapo ndoo hukaa kila masika kukinga mvua, saruji hubaki na duara. Mwenye nyumba atapaka rangi bati, atabadilisha pazia, lakini lile duara halitoki. Basi huweka kiti juu yake. Ukiingia sebuleni ukakuta kiti kimekaa peke yake katikati ya chumba, kinaangalia ukuta, usiulize. Mwombe mwenye nyumba akisogeze.

Wengi waliniuliza swali lingine, hasa waliponiona Jumapili nimekaa kiti cha wazee wa kanisa. "Wewe mzee wa kanisa, unauza bima? Sisi tunamtegemea Mungu." Niliwajibu kwa upole, "Nami namtegemea. Jana ulipokwenda shamba, mlango ulifunga?" Wakasema walifunga. "Basi tunamtegemea Mungu yule yule. Mimi nimeongeza kufuli moja tu." Nabii alijenga safina kabla ya mvua, na sijasoma mahali kwamba alikemewa kwa kukosa imani.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wateja watawauliza mpaka mstaafu: kwa nini umri wa paa upandishe ada ya bima? Nilizoea kuwaeleza hivi. Shati jipya likichanika, anayekulipa anakununulia shati jipya. Shati la miaka kumi likichanika, ukimdai jipya atakuangalia usoni. Kampuni haichukii mapaa ya wazee; inachoogopa ni kuyalipia kama vijana. Kwa hiyo paa changa hutozwa ada ndogo, na likiruka hulipwa kama jipya. Likizeeka, kampuni hupandisha ada, au hupunguza fidia kwa sababu ya uchakavu. Likizeeka sana husema, "Mengine yote tutakulipia, upepo jilipie mwenyewe." Lakini umri peke yake si hukumu. Baada ya umri ndipo tunauliza hali: unene wa bati, misumari, kutu, mbao za chini, na kama limefungwa ukutani au limewekwa tu kama kofia juu ya meza. Huku kwetu ukungu hukaa juu ya bati tangu alfajiri mpaka saa nne, na kutu haina haraka. Lakini pia nimeona mabati ya zamani yenye afya kunizidi.

Hapo ndipo inapoanza habari ya Mama Damari, ambayo baadhi yenu mmeisikia nusu nusu kwenye chai ya saa nne. Leo isikieni nzima, kwa kuwa mwenye kosa ndiye anayeisimulia.

Mama Damari alikuwa mkunga mstaafu wa Mgwashi. Nusu ya kijiji ilipitia mikononi mwake, na hata watu wenye mvi aliwaita kwa majina waliyopewa siku ya kuzaliwa. Alipostaafu alijenga nyumba ya matofali mabichi iliyopigwa lipu vizuri, akalipaka paa lote rangi ya kijani kibichi. Kisha akaomba bima. Nikapanda pikipiki nikaenda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayekagua? Nilidhani watamleta mtu mnene, asipande."

Ukungu siku hiyo ulikuwa kama mtu amemwaga maziwa. Nikaegemeza ngazi mbele ya nyumba, nikapanda, nikakanyaga kwenye misumari kama mtu aliyekwisha kufundishwa. Mabati ya mbele yalikuwa mapya kabisa. Upande wa nyuma niliona kijani kikiishia kwenye weupe, nikasema moyoni, kijani ni kijani. Nikashuka. Nilikusudia kuzunguka nyuma, nifunge milango, nitafute nyota. Lakini Mama Damari alikuwa amekwisha kuweka mezani magimbi yanayofuka moshi na birika la chai ya maziwa.

Ninyi wa mjini huenda mkacheka. Kwetu milimani mgeni hashiki kalamu chakula kikiwa mezani. Ukiendelea kuandika ni kama kumwambia mwenyeji kwamba magimbi yake hayajakutosha kusimamisha kazi. Na mwenyeji akianza kuomba, kalamu ndiyo kabisa. Basi nikaweka fomu chini ya kiti, nikafumba macho, nikakunja mikono. Mama Damari akaomba. Wakunga huomba kwa urefu, wamezoea kusubiri.

"Ee Baba, tunakushukuru kwa nyumba hii. Tunakushukuru kwa mafundi, hata yule aliyeondoka na nyundo yangu, umguse arudishe. Tunakushukuru kwa bati la baba yangu, lililotufunika tukiwa watoto saba kule nyumba ya zamani, nawe ukaona vema linifunike tena uzeeni, huku nyuma juu ya kitanda changu na jikoni. Uyabariki magimbi haya. Umbariki mgeni huyu, umpe macho ya kuona."

"Amina," nikasema. Tena kwa sauti, kama mzee wa kanisa.

Tukala. Alinihadithia watoto aliowazalisha, mmoja wao akiwa mwenye pikipiki iliyonileta. Nikala gimbi la nne. Ukungu haukuondoka. Nilipomaliza, nikatoa fomu chini ya kiti na kuandika: umri wa nyumba, miaka mitatu, umri wa paa, miaka mitatu, hali, nzuri. Nikasifu kabichi zake, nikapanda pikipiki.

Kosa hilo lilinistahili mimi kuliko mtu mwingine, kwa sababu mimi ni wa huku. Nilijua fika kwamba kwetu bati halizeeki na nyumba. Nyumba ya wazazi ikibomolewa, mabati hushushwa, huhesabiwa na kugawiwa watoto, na mtoto anayebaki karibu na kaburi hupata mengi. "Bati la baba halitupwi," husema watu. Utakuta nyumba ya jana imevaa paa la babu. Mkaguzi kutoka mbali angeweza kusamehewa kwa kutojua. Mimi jikoni kwangu nilikuwa na bati la baba yangu.

Mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya masika, ukaja upepo mchana kutoka ng'ambo ya ukingo wa mlima. Ulichukua mabati ya sebule yote ya Mama Damari. Mengine yalikutwa kwenye maharage ya jirani, na moja lilijikunja kwenye mti kama kanga. Ule upande wa nyuma, wa baba, haukupoteza hata msumari.

Bosi alinituma kumsindikiza Bwana Salehe, mtathmini wa madai kutoka Tanga. Alikuwa mtu safi, mpole wa maneno, kofia yake ya kufuma imenyooka, naye alichukia matope kuliko udanganyifu. Tulimkuta Mama Damari amehamishia viti, Biblia na mkoba wake wa ukunga chumbani kwake, chini ya bati la baba. Sebule ilikuwa imebaki kuta na mbingu. Alikuwa amefunika vichwa vya kuta kwa nailoni na mawe.

Mnayajua matofali mabichi. Paa likiwepo hudumu maisha. Paa likitoka, masika moja yanatosha kuyarudisha kuwa udongo. Mawingu yalikwisha kuanza kukaa mlimani. Fidia ikija mapema, angeezeka kabla ya mvua. Ikichelewa, au ikikataliwa, ile nyumba aliyoijenga kwa maisha yake yote ya kupokea watoto wa wengine ingeyeyuka mbele yake.

Bwana Salehe alitazama mbele, akaandika. Kisha akafanya ambalo mimi sikulifanya: akazunguka nyuma. Akakwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba. Akagonga bati, likatoa sauti nzito. Akaona matundu ya misumari ya zamani yaliyozibwa kwa lami. Akarudi akafungua faili.

"Bibie, fomu yasema paa lote lina miaka mitatu. Sasa mwaka umepita, minne. Lakini hilo bati la nyuma, kwa makadirio yangu, lanipita mimi umri."

"Nalo ndilo limebaki," Mama Damari akasema.

"Limebaki, naam, sikatai. Ila halikutajwa. Mteja akificha jambo la paa, kampuni ina haki ya kukataa dai zima."

"Nimeficha? Mimi?" Mama Damari akasimama. Alikuwa mfupi, lakini alisimama kama wakunga wanavyosimama, kwamba sasa kila mwanamume atoke chumbani. "Mimi nilisema."

"Ulimwambia nani, bibie?"

"Nilimwambia Mungu. Huyu akiwepo." Akaninyooshea kidole.

Bwana Salehe akanigeukia taratibu, kisha akamrudia yeye. "Na huyu akajibu nini?"

"Alisema Amina. Tena kwa sauti."

Jamani. Nimewahi kuingiza mguu jikoni kwa watu, lakini siku hiyo niliingia mzima. Ile sala ikanirudia neno kwa neno, na harufu ya magimbi juu yake. Nikatazama ukuta, nikatazama nailoni inavyopepea. Shetani si mjinga, hakuniambia niseme uongo. Aliniambia tu niseme, "Sikumbuki vizuri, Mama." Maneno matatu, ya heshima kabisa, na faili langu lingebaki safi. Na kweli, mimi ndiye shahidi pekee aliyekuwepo, ukimwondoa yule aliyeombwa.

"Alisema," nikajibu. "Alitaja bati la baba yake, akataja na lilipo. Nilisikia, nikaitikia. Kosa ni langu."

Bwana Salehe akavua miwani. "Uliisikia dua, ukaitikia Amina, kisha ukaokota kalamu ukaandika kinyume chake?"

"Ndiyo, Bwana Salehe."

"Basi una kesi mbili, Mzee. Ya kampuni ndiyo ile ndogo."

Mama Damari, ambaye sekunde moja kabla alikuwa tayari kunitoa chumbani, akaguna. "Alikuwa na njaa," akasema. "Alikula magimbi manne."

"Matano," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema kweli.

Bwana Salehe akaketi kwenye kiti kilichokuwa na unyevu wa ukungu, bila kukikagua, jambo lililonionyesha kwamba moyo wake umeguswa. Akatueleza sheria, nami naiandika hapa mwikariri: mteja aliyemwambia mkaguzi ameiambia kampuni. Kama mkaguzi hakuandika, hilo ni la mkaguzi na kampuni, si la mteja. "Fomu haikusema aseme kwa mtindo gani," akaongeza. "Na mimi nikisema Amina huwa nakusudia. Andika maelezo yako hapa hapa, mvua haijaanza. Usiache kitu."

Nikaandika juu ya meza ile ile. Niliandika ukungu, niliandika ngazi ya mbele, niliandika sala, na Bwana Salehe akasisitiza niandike na Amina. Alipokwisha kusoma, akarudi nyuma na shazia yangu, akachoma bati la baba mahali sita. Liligoma kote. Akapanda dari kwa koti lake safi, akashuka na utando kwenye kofia.

"Fundi wa huku nyuma alifunga kenchi kwa waya mnene mpaka ndani ya ukuta," akasema. Kenchi, kwa wale wageni kabisa, ni zile mbao za pembetatu zinazobeba paa. "Na wa mbele?"

Wa mbele alikuwa amezigongomea juu tu, na bati lenyewe jembamba kama daftari, misumari akiihesabu kama mtu anayetoa sadaka. Nadhani ndiye aliyeondoka na nyundo.

Bwana Salehe akaeleza uamuzi wake. Upande wa mbele ulikuwa na umri uleule ulioandikwa, kwa hiyo utalipwa kama mpya, ikikatwa tofauti ndogo ya ada ambayo ingetozwa kama fomu ingekuwa sahihi. Upande wa nyuma utaandikwa upya: paa la zamani, hali nzuri. Kuanzia bima ijayo ada itapanda kidogo kwa ajili yake.

Mama Damari akafikiri. "Ngoja nielewe. Lililoruka ni lile changa, ambalo ada yake ni ndogo."

"Naam."

"Na lililobaki ni la baba, ambalo mnalitoza zaidi kwa kuwa litaruka."

"Kwa kuwa laweza kuruka, bibie. Mahesabu hutazama mabati mengi, si la baba yako peke yake. Ila kwa hali yake nimelipunguzia sana."

"Na ninyi mmesoma?"

"Tumesoma sana, bibie," Bwana Salehe akasema. "Ndiyo maana."

Akacheka Mama Damari, akaenda jikoni. Tulijua anakwenda kuleta nini. Bwana Salehe akafunga faili kabla birika halijafika, akanitazama, akaninong'oneza, "Leo maliza kuandika kwanza."

Maelezo yangu yalifika Tanga, na nilipewa barua ya onyo ambayo niliistahili kila mstari. Adhabu ilikuwa kurudia nyumba zote nilizokagua msimu ule. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko bosi alivyofikiri, kwa sababu zote zilikuwa zimenilisha, na zote zilinilisha tena. Katika hizo nilikuta mabati ya baba kwenye nyumba tatu nyingine, na moja lilikuwa la babu, na la babu lilikuwa na nyota.

Fidia ya Mama Damari ilikuja. Haikuja mapema sana, ilikuja kama mvua inavyokuja kwetu, kwanza unaisikia upande wa pili wa mlima. Jumamosi moja nilikwenda mwenyewe, bila kutumwa, nikashika ngazi. Safari hii fundi alileta bati nene, akafunga kenchi kwa waya kama alivyofunga yule wa nyuma, na kila alipotaka kuokoa msumari Mama Damari alikohoa kutoka chini. Kila baada ya muda alipaza sauti, "La baba usiliguse!" Fundi alikuwa anapigilia kofia, lile bati la juu kabisa linaloziba uti wa paa, tone la kwanza lilipoangukia mkono wangu. Alipigilia misumari ya mwisho akiwa analowa. Tukaingia sebuleni sote watatu, tukafunga mlango, tukasimama gizani tukitazama juu. Hapakuwa na nyota. Mvua ikapiga mbele kwa sauti kali na nyuma kwa sauti nzito, kama kwaya yenye soprano na besi, na Mama Damari akaanza kuomba. Nilisikiliza kila neno.

Baada ya hapo nilimwomba bosi aongeze mstari mmoja kwenye fomu, chini ya umri wa paa. Mnaujaza kila siku, na najua mnaulalamikia: "Bati hili lilitoka wapi?" Sasa mnajua ulitoka wapi.

Mzee Yoeli alikuwa amekwisha kustaafu wakati huo. Nilipomhadithia alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Ninyi Walutheri mnaomba macho yamefumbwa mno." Amelala sasa, na shazia yake ninayo mimi, ila nimeambiwa niirudishe ofisini. Nitairudisha.

Na mwisho niwaambie la mwezi uliopita, kwa kuwa Neema hatawaambia. Bima ya nyumba yangu ilikuwa inahuishwa, na ofisi ikamtuma Neema anikague. Mimi! Namfahamu tangu anaimba kwaya ya vijana, nami ndiye niliyemfundisha kushika ngazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Neema. Karibu. Kaa."

"Nitakaa, Mzee. Kwanza nifunge mlango."

Ilikuwa saa sita kamili. Tukasimama gizani, yeye, mimi na mke wangu.

"Mzee, kuna nyota."

"Ngapi?"

"Moja. Na hiki kiti huwa kinakaa hapa katikati?"

"Kimefika leo asubuhi," akajibu mke wangu, ambaye hakuulizwa.

Neema akakisogeza. Duara lilikuwepo. Akaandika. Nikaona nimjaribu, kwa kuwa mwalimu haachi. Kabla hajafika kwenye ule mstari wangu, nikaomba chai iletwe, ikaletwa na viazi vitamu, nikasema tuombe. Neema akaweka fomu chini, akakunja mikono, akainamisha kichwa vizuri kama alivyofundishwa Jumapili. Nami nikaomba. Nilishukuru kwa mengi, kwa miaka, kwa magoti, kwa mvua. Na katikati, bila kupandisha wala kushusha sauti, nikamshukuru Mungu kwa bati la marehemu baba yangu, ambalo bado linatufunika jikoni, upande wa kushoto wa bomba la moshi, mabati manne.

"Amina," nikasema.

"Amina," akasema Neema.

Nikafumbua macho. Fomu ilikuwa magotini mwake, na kalamu ilikuwa inamalizia neno "manne".

"Neema! Hukufumba macho?"

"Nilifumba moja, Mzee," akasema. "Hili jingine ni la kampuni."

Nikammiminia chai mwenyewe.